Kiatu huzeeka hata bila kuvaliwa: tujifunze kupima viatu, mikoba na bashi kabla ya kulipa



Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa, na mvua nazo zinafunguliwa. Kila mwaka mambo hayo mawili yanakutana kwenye miguu ya watoto wetu. Tunanunua viatu siku za jua, vikiwa vikavu na vinang'aa, na baada ya majuma mawili vinakanyaga tope la njia ya shule na la shamba. Ndipo kila mmoja wetu anajua alinunua nini.

Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelilipia bila kupewa somo lake: namna ya kujua kama kiatu, mkoba, buti au bashi itadumu. Tunaanza na habari ya chama chetu wenyewe, kwa sababu ilituuma, na kwa sababu tusipoisema sisi, wengine wataisema vibaya.

HABARI YA BALO

Mwaka uliopita, muda mfupi kabla ya shule kufunguliwa, mwenzetu mmoja alikopa katika sanduku la chama, akaongeza na zamu yake ya likilimba, akanunua balo ya viatu, ule mzigo mkubwa unaokazwa kwa mikanda ya plastiki. Hakuwa anatafuta utajiri. Alitaka biashara ndogo ya kumfikisha mpaka mavuno ya mpunga. Balo ilikuwa imetoka Ulaya, ikavuka ziwa Tanganyika, ikateremkia Baraka, na kufika huku kwetu juu ya pikipiki.

Alipoifungua tulikuwa pale, tukapiga vigelegele. Ndani mlikuwa na buti za kutembelea milimani, nene, zenye kamba imara na vishikizo vya chuma. Nyingi hazikuwa na hata alama ya tope chini yake. Tulisema mama huyu Mungu amemwona. Saba kati yetu tulinunua siku ileile: mmoja kwa ajili ya kijana wake anayesukuma baiskeli ya mizigo mpaka Kasongo, mwingine kwa ajili ya shamba, mwingine kwa ajili ya mume wake.

Mvua ilianza. Juma la tatu, mama wa yule kijana alifika mkutanoni ameshika buti moja mkononi. Sehemu ya juu ilikuwa nzima kabisa. Chini, soli ilikuwa imeng'oka, na katikati yake, pale palipokuwa kama sponji, palikuwa panapukutika kama muhogo mkavu. Kijana alikuwa amerudi njia nzima miguu mitupu, na unyayo wake ulikuwa umechanika. Kabla ya mwisho wa mwezi jozi zote saba zilikuwa zimekufa kwa namna ileile.

Wengine walisema mwenzetu alijua. Hakujua. Alilia mbele yetu, maana deni la chama lilikuwa bado shingoni mwake na jozi kumi na tisa zilikuwa bado nyumbani, zinang'aa. Mmoja wetu akamwambia kwa sauti ya chini: "Yaya, hizo zilizobaki si bado nzuri machoni? Zipeleke kwenye machimbo, huko Namoya. Kule hakuna anayekujua."

Palikuwa kimya. Kisha bibi mmoja mzee wa chama akauliza: "Na mtoto wa mwenzako wa kule, miguu yake ni ya mti?"

Hatukuamua siku ile. Tulikubaliana jambo moja tu: kumwita fundi wa viatu atueleze kilichotokea. Yaliyofuata tutayasema mwishoni.

KIATU SI UREMBO

Kabla ya maneno ya fundi, tukumbushane kwa nini jambo hili si dogo. Mguu mtupu ndiyo mlango wa funza, na ndiyo mlango wa minyoo ya safura, ile inayoingia kwa ngozi ya unyayo na kwenda kunywa damu tumboni. Katika shamba la mpunga kuna visiki na kuna nyoka. Kidonda kidogo cha mguu kinaweza kumzuia mama asiende shambani mwezi mzima, na mwezi huo nyumba yote inausikia.

Hata historia ya kwetu inalijua jambo hili. Msafiri Mskoti David Livingstone alipita huku miaka ya 1869 mpaka 1871. Kabambare yeye aliiandika Bambarre. Aliingia humo tarehe 22 Julai 1870, miguu yake imechubuliwa na safari na kushikwa na vidonda vinavyokula nyama, na hakutoka katika nyumba yake mpaka tarehe 10 Oktoba. Siku 80. Mtu aliyekuwa amekata bara hili alifungwa na nyayo zake. Kwa hiyo mama anayesimama sokoni akigeuza kiatu juu na chini, asichekwe. Anapima siku za kazi za nyumba yake.

ALIYOSEMA FUNDI

Fundi alipofika tulimpa buti moja iliyokufa na nyingine iliyo nzima. Mama mmoja akamuuliza: "Papa fundi, hivi viatu vimelogwa?"

"Hapana, mama," akajibu. "Hivi viatu vilikuwa wazee kabla ya kuvaliwa. Mmenunua mzee aliyevalishwa nguo za ubatizo."

Tukacheka, lakini alikuwa anasema kweli. Chini ya buti za kisasa mara nyingi kuna matabaka mawili. Lile linalogusa ardhi ni raba ngumu. Juu yake, kati ya raba na mguu, kuna tabaka jepesi kama sponji, la kupunguza mshindo. Katika viatu vingi sponji hiyo imetengenezwa kwa poliuretani, aina ya plastiki iliyojaa vipovu vidogo vya hewa. Ni nyepesi na laini, na mguu unaipenda. Lakini ina adui mmoja: unyevu. Maji yaliyomo hewani, yakisaidiwa na joto, yanaingia polepole na kukata minyororo midogo inayoishikamanisha. Kazi hiyo inaendelea hata kiatu kikiwa kabatini. Kwa kawaida sponji ya namna hii huishi miaka kati ya 5 na 10 tangu siku ilipotengenezwa, kiatu kivaliwe au kisivaliwe.

Sasa fikirini. Mtu wa Ulaya ananunua buti, anazivaa mara mbili, anaziweka kabatini. Miaka inapita. Anazitoa kama msaada au anaziuza. Zinafungwa katika balo, zinapanda meli, zinakaa ndani ya kontena lenye joto na unyevu, zinavuka bahari na ziwa. Zinapofika kwetu bado zinang'aa, lakini miaka yake imekwisha. Usafi wa soli, uliotupendeza sana, ndio uliopaswa kututia shaka. Wazee walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na sisi tulikipata kidonda chenyewe.

Somo la kwanza ndilo hili: usiulize tu kama kiatu kimevaliwa. Uliza kina umri gani.

NAMNA YA KUJUA UMRI

Kuna njia tatu ambazo kila mama anaweza kuzifanya akiwa amesimama sokoni.

Ya kwanza ni kusoma. Inua ulimi wa kiatu, utafute kikaratasi kilichoshonwa ndani. Viatu vingi vya viwandani vimeandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kama hakuna, angalia chini ya soli au ndani yake. Soli nyingi zinazomiminwa katika kalibu zina duara dogo kama uso wa saa, lenye namba 1 mpaka 12 na mshale. Mshale unaonyesha mwezi. Tarakimu mbili za katikati ni mwaka. Ukikuta 09, ujue soli hiyo ilizaliwa mwaka 2009.

Ya pili ni kubonyeza. Weka ukucha wa kidole gumba kwenye sponji, pembeni ya soli, na ubonyeze. Sponji hai inabonyea na kurudi. Sponji iliyokufa inabaki na shimo, au inanata kidoleni, au inaacha unga.

Ya tatu ni kukunja. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ukunje kiatu pale vidole vya mguu vinapojikunjia, mara kumi, si mara moja. Tazama pembeni. Nyufa nyembamba kama nywele zikitokea, rudisha kiatu na umshukuru muuzaji. Muuzaji mwema hatakukatalia kukunja. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Soli ya raba tupu, isiyo na sponji, ni nzito zaidi na mguu unaisikia. Lakini haina ugonjwa huu. Kwa njia zetu, tumejifunza kutoogopa uzito.

NGOZI NI IPI, NA PLASTIKI NI IPI?

Siku ya Idi ya kuchinja tunaona ngozi za mbuzi zikiwambwa juani. Ile ni ngozi mbichi. Inafaa kwa ngoma, lakini ukiilowesha inalegea, na ukiiacha na maji inaoza. Ngozi ya kiatu imepitia kazi nyingine, kazi ya dabagha: imelowekwa katika maji ya maganda ya miti yenye tanini, au, kama zilivyo nyingi za siku hizi, katika chumvi za kromu. Dabagha ndiyo inayoizuia kuoza. Ngozi ya ng'ombe iliyodabaghiwa vizuri, ikitunzwa, inaweza kumtumikia mama na kisha binti yake.

Lakini si kila kinachoitwa ngozi ni ngozi. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani huipasua katika matabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, ndilo lenye nguvu, maana nyuzi zake zimesukana kwa kukazana. Tabaka la chini ni legevu. Hulipaka plastiki juu yake ili lifanane na la juu, nalo linapokunjwa mara nyingi plastiki hiyo inapasuka. Kuna nyingine ambayo ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kushikanishwa kwa gundi. Hiyo hubambuka kama rangi ya ukuta. Na kuna isiyo ngozi kabisa, kitambaa kilichopakwa plastiki.

Basi tazama ukingo uliokatwa, mahali ambapo haujakunjwa: kwenye tundu la kamba, ndani ya ulimi, mwisho wa mkanda. Ngozi ya kweli inaonyesha nyuzi zilizosukana kama manyoya yaliyogandamana. Plastiki inaonyesha kitambaa chini na ganda juu. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: ngozi nzuri inatoa mikunjo midogo mingi ambayo inapotea ukiondoa kidole. Plastiki inabonyea kama mpira, au inaonyesha mkunjo mmoja mkubwa. Usitegemee harufu, maana harufu hupuliziwa. Na usikubali mtu awashe kiberiti ili "kuthibitisha". Kiatu kitaharibika, na moshi wa plastiki ni sumu.

Kwa viatu vya balo kuna msaada mwingine ambao wengi wetu hatukuujua. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1994, viatu vinavyouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya vinapaswa kuwa na alama ndogo za picha, zilizobandikwa au kuchapwa kwenye kiatu. Picha ya ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Picha hiyohiyo yenye umbo la almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa. Picha ya nyuzi zilizofumwa ni kitambaa. Almasi peke yake ni kitu kingine, mara nyingi plastiki au raba. Alama hizo ziko kwa sehemu tatu: juu ya kiatu, ndani yake, na soli. Hakuna haja ya kujua Kifaransa wala Kiingereza. Binti wa miaka kumi anaweza kumsomea mama yake.

KITU HUFIA PALE KINAPOUNGANA

Fundi alitufundisha jambo lingine ambalo sasa tunalisema kila mkutano: kitu hakifi katikati, hufia pale kinapoungana. Ngozi ya mkoba inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini kama mkanda wake umeshikwa na mishono miwili tu, mkoba huo umri wake ni wa mishono miwili.

Kwa kiatu, tazama soli inavyoshikana na sehemu ya juu. Iliyoshonwa hudumu kuliko iliyogundishwa tu, na zaidi ya hapo, fundi anaweza kuishona tena. Lakini jihadharini: viatu vingi vina mistari iliyochorwa kwenye raba ili ifanane na mshono. Mshono wa kweli una uzi. Tafuta uzi kwa ukucha, na utazame ndani ya kiatu kama unaonekana upande wa pili. Uzi wa nailoni hauozi upesi. Uzi wa pamba huoza tukilowa kila siku kama tunavyolowa.

Kwa mkoba wa shule, ugeuze nje ndani. Watoto wanabeba daftari, na wengine wanabeba chakula na kuni wakirudi. Angalia mikanda ya mabega inapoingia kwenye mgongo wa mkoba: inapaswa kupita ndani ya mshono na kushonwa mraba wenye msalaba katikati. Kisha fungua na kufunga zipu, ile tunayoita tireti, mara kumi. Ikikwama leo, itavunjika kabla ya Noeli. Kama zipu inaachia nyuma yake, mara nyingi si meno yaliyokufa. Ni kile kichwa kinachotembea kimelegea, na koleo ndogo inaweza kukibana taratibu. Na kama ndani ya mkoba pananata au panabambuka vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, mkoba huo umepakwa poliuretani iliyokwisha kuzeeka. Utaendelea kubeba vitu, lakini maji ya mvua yatapita na daftari zitalowa.

BUTI ZA MPIRA NA BASHI

Buti za shambani ziko za aina mbili. Za raba ni laini, ukizikunja zinarudi. Za plastiki ni ngumu zaidi, na huanza kupasuka pale kifundo kinapokunjika. Kwa kutembea mbali na kuchutama kwenye mpunga, raba ni bora. Lakini raba ina maadui wawili walio nyumbani mwetu: jua kali na mafuta. Mawese huivimbisha na kuilegeza. Mama anayekamua mawese na kuacha buti zake zilale na mafuta, anazila mwenyewe. Tuzioshe kwa sabuni jioni ileile, na tuzigeuze juu chini kivulini.

Bashi, au turubai, ndiyo paa ya wengi wetu siku za shida, na ndiyo kiwanja chetu cha kuanikia mpunga. Zile zinazogawiwa na mashirika ya misaada zimefumwa kwa nyuzi za plastiki ngumu, zikapakwa plastiki laini pande zote mbili, na zina mkanda mzito wenye matundu ya kufungia kamba. Mara nyingi ni mita 4 kwa 5, au 4 kwa 6. Ukinunua sokoni, iinue mbele ya jua utafute vitundu, kisha kwaruza kwa ukucha: ikitoa unga, jua limekwisha kuila. Tazama pia mkanda wa pembeni upo wote, kwa sababu wauzaji huikata bashi moja kuwa mbili, na nusu isiyo na mkanda itachanwa na upepo wa kwanza. Ukiisha kuanua mpunga, usiiache bashi uwanjani bila kazi. Kila siku ya jua inakata maisha yake. Ikunje, uiweke ndani.

HESABU YA MIEZI

Tunajua jibu la mama wengi: "Hayo yote ni mazuri, lakini mimi nina franka hizi tu." Ni kweli, na hatuwezi kumcheka yeyote. Lakini tufanye hesabu pamoja. Tuseme jozi moja inauzwa franka 10 000 na inakufa baada ya miezi 4. Nyingine inauzwa franka 25 000 na inadumu miezi 20. Ya kwanza inakula franka 2 500 kila mwezi. Ya pili inakula 1 250. Maskini ndiye anayelipa zaidi, kwa sababu hana franka 25 000 siku moja. Rahisi ni ghali.

Hapo ndipo chama kinapopaswa kusaidia. Likilimba yetu inaweza kuwa na zamu ya viatu mwezi wa nane, kabla ya bei kupanda, ili kila mama anunue mara moja kitu cha kudumu. Wengine kati yenu mmekwisha kuanza. Wengine bado mnabishana, na ni vyema mbishane.

KUTUNZA

Kiatu cha ngozi kikilowa, usikikaushe karibu na moto. Ngozi yenye maji ikipata joto kali inajikunja na kuwa ngumu kama ubao, na hairudi tena. Toa tope kwa kitambaa chenye maji kidogo, jaza ndani karatasi au kifuko cha pumba kavu za mpunga, kiweke kivulini penye upepo. Kikikauka, paka siraji, au nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta kidogo ya mnyama. Usipake mawese: yanatia doa, yanachacha, na yanaita mende. Ukungu ukitokea, ufute kwa kitambaa kikavu na kipe kiatu hewa. Na uzi mmoja ukikatika, mpelekee fundi siku hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MWISHO WA HABARI YA BALO

Sasa turudi kwa mwenzetu. Jozi kumi na tisa hazikwenda Namoya wala soko lingine. Yeye mwenyewe alisimama mkutanoni akasema hataweza kulala akijua mtu anatembea juu yake. Fundi alizipima moja moja. Kumi na moja zilikuwa na ngozi ya kweli juu. Alikata sponji yote iliyokufa, akaweka soli za tairi, akashona kwa uzi wa nailoni kuzunguka kote. Nane zilikuwa za kitambaa na plastiki. Hizo zilivunjwa: kamba, vishikizo na vipande vya kitambaa vikatumika kutengeneza mikoba ya shule.

Zile kumi na moja ziliuzwa hapahapa, kwa bei ndogo, na kila mnunuzi aliambiwa wazi: juu ni ya Ulaya, chini ni tairi. Kwa jozi saba za mwanzo, sisi tulinunua tairi na uzi, yeye akalipa kazi ya fundi. Sanduku la chama lilimngojea mpaka mavuno, bila faini. Mwezi wa pili alilimaliza deni. Hakupata faida. Lakini alibaki na jina lake, na ndilo lililomwezesha kukopa tena mwaka huu.

Viatu hivyo si vizuri sana kwa macho. Ni vizito, na kwenye udongo mwekundu uliolowa vinateleza. Lakini yule kijana wa baiskeli bado anavivaa tunapoandika haya, na unyayo wake umepona.

Kutokana na hayo tumeanzisha daftari. Ni daftari la kawaida la shule, linakaa kwa mwandishi wa chama. Kila mama anayenunua kiatu, mkoba, buti au bashi anaandikisha: siku ya kununua, bei, ni kitu cha namna gani, siku kilipotengenezwa mara ya kwanza, na siku kilipokufa, na kilifia wapi, kwenye soli, kwenye mshono au kwenye tireti. Macho ya siku moja sokoni yanaweza kudanganywa. Macho ya miezi kumi na mbili ya wamama arobaini hayadanganyiki upesi. Kila mwezi wa nane, kabla ya shule, tutalisoma daftari kwa sauti mbele ya wote.

Tunaomba vikundi vingine, Kasongo, Kabambare na vijijini, vifanye hivyo pia. Andikeni, kisha tupeane habari. Mama asiyejua kuandika amtume mtoto wake. Na anayekwenda sokoni juma hili asisahau: ukucha kwenye sponji, mikunjo kumi, ukingo uliokatwa, na mahali vinapoungana.

Tukutane juma lijalo.